Orodha ya Waliotangulia

Mazungumzo ya mlezi wa kwaya, siku ya maombi na matayarisho ya jubilei ya miaka 50. Yanachapishwa kwa ombi la wanakwaya.

 

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, mwenyekiti na kamati ya jubilei, mwalimu wa kwaya, mama zetu wa sauti ya kwanza ambao mlikuwa hapa wakati kwaya ilikuwa na watu kumi na wawili na hakuna kinanda, na ninyi vijana mlioingia juzi na tayari mnatushinda kusoma solfa: nawasalimu nyote katika jina la Yesu.

Niliombwa kuzungumza juu ya maana ya jubilei, na nilikuwa nimeandika kitu kizuri kuhusu tarumbeta. Lakini Alhamisi iliyopita, baada ya mazoezi, kamati iliketi kupitia orodha ya wanakwaya waliotangulia, ile itakayosomwa siku ya sherehe na kuchapishwa kwenye kijitabu, nasi tukakwama kwenye jina moja. Wakongwe wa kwaya mnajua ni jina gani. Tulibishana mpaka saa tatu usiku. Mlinzi alikuja mara mbili kututikisia funguo. Ndugu mmoja alisema, "Hii ni orodha ya walio mbinguni. Huyu hatujui yuko wapi." Dada mmoja akamjibu, "Na hao wengine tunajua?" Tukafunga kwa maombi bila kuamua lolote.

Kwa hiyo tarumbeta nitairudia. Kwanza nataka tuseme juu ya jina hilo, na juu ya swali lililo nyuma yake, ambalo wengi wetu tunalibeba miaka na miaka bila kulitoa mdomoni: mwisho wa mambo yote, je, Mungu atawaokoa watu wote, au wapo watakaopotea milele?

Kwa wale ambao hawakuwako, niwaeleze. Alikuwa sauti ya tatu, na sijampata mwingine kama yeye. Alikuwa akiingia kwenye wimbo bila kuangalia kitabu, na wenzake walikuwa wanajiegemeza kwake kama ukuta. Kisha akaacha kazi, au kazi ikamwacha, na pombe ikaingia. Kwanza alikosa mazoezi ya Jumanne, halafu na ya Alhamisi, halafu na Jumapili yenyewe. Akatengwa ushirika. Miaka ya mwisho alikuwa akishinda karibu na mahali pa chang'aa, pale njia ya kushuka mtoni, na sisi tulikuwa tunampita tukienda mazoezi, vitabu mkononi. Wengine walimsalimu. Mimi mara nyingine nilipita upande wa pili wa barabara. Asubuhi moja alikutwa amekufa.

Iliamuliwa kwamba kwaya isiende kwa sare, kwa kuwa hakuwa mshirika. Tulienda wachache, na nguo zetu za nyumbani, tukasimama nyuma ya tenti kama watu waliokuja kudai deni. Aliyehubiri hakuwa wa hapa, na simtaji. Alilielekezea jeneza kidole, akawaambia vijana watazame pombe inakompeleka mtu, akasema kwamba saa ile ile tuliyokuwa tumesimama pale mwenzao alikuwa anaungua. Mama yake alikuwa hatua tatu kutoka kwenye kidole kile.

Baada ya kufukia alinishika mkono. Akaniuliza, "Mwalimu, mwanangu yuko wapi?" Nikamjibu, "Mama, hayo ni ya Mungu." Ukilipima kwa Neno, jibu hilo halina kosa. Lakini nililisema ili niondoke pale, naye alijua.

Hiyo ni sauti moja, sauti ya kidole. Juzi nimesikia nyingine. Kijana mmoja wa besi aliniletea simu nimsikilize mhubiri anayesema kwamba jehanamu ni hadithi ya kutishia watoto, kwamba wote watapita, mwema na mwovu, hata shetani mwenyewe, kwa sababu Mungu ni upendo. Kijana akaniuliza, "Mwalimu, si hilo ni neno zuri?" Nikamwambia nitamjibu. Basi ndugu yangu, leo ndiyo siku, keti vizuri.

Nianze na Biblia, na niwaambie mapema kwamba haitawarahisishia kazi. Mathayo 25, kondoo na mbuzi: kundi moja linakwenda kwenye uzima wa milele, jingine kwenye adhabu ya milele. Luka 16, tajiri na Lazaro, na kati yao shimo kubwa lisilovukika. Ufunuo 20, ziwa la moto. Paulo katika 2 Wathesalonike sura ya kwanza anasema juu ya maangamizi ya milele. Haya si maneno ya mhubiri wa sokoni. Mengi yametoka kinywani mwa Bwana mwenyewe, na yeyote anayeniambia jehanamu ni hadithi tu, namuuliza amepata wapi ruhusa ya kumkata Yesu maneno.

Sasa fungua upande wa pili. Warumi 5:18, Paulo huyo huyo anaweka kosa la mtu mmoja lililowaletea watu wote hukumu, na tendo la haki la mmoja linalowaletea watu wote uzima. Wote huku, wote kule. 1 Wakorintho 15, kama wote wanavyokufa katika Adamu, vivyo hivyo katika Kristo, mpaka mwisho Mungu awe yote katika wote. Wakolosai 1:20, vitu vyote kupatanishwa kwa damu ya msalaba, vya duniani na vya mbinguni. 1 Timotheo 2:4, Mungu anataka watu wote waokolewe. Na Luka 15, mchungaji mwenye kondoo mia anamtafuta mmoja aliyepotea, na Yesu haweki saa ya kuacha kutafuta. Anatafuta mpaka ampate.

Wanakwaya mnajua wimbo wenye sauti mbili zinazogongana kwenye mstari mmoja. Mwimbaji mgeni anafikiri mwenzake amekosea, anamfuata, na wimbo unaharibika. Mwalimu anasema, kaa kwenye sauti yako, ngojea. Ila mimi sijui mgongano huu unatulia kwenye mstari gani. Nimesoma vitabu kiasi, nimewauliza wachungaji watatu, na kila mmoja alinijibu vizuri na tofauti na mwenzake.

Jambo ambalo nilishangaa kujua ni kwamba mabishano haya ni ya zamani sana, na kwa sehemu kubwa yalianza hapa kwetu Afrika. Origene alizaliwa Aleksandria, Misri, kama mwaka 185. Baba yake aliuawa kwa ajili ya imani, na yeye mwenyewe uzeeni aliteswa gerezani kwa ajili ya Kristo, akafa miaka michache baadaye. Mtu huyo alifundisha kwamba moto wa Mungu ni wa kusafisha, kama ule wa mfua dhahabu, na kwamba mwisho kila kiumbe chenye akili kitarudi kwa Muumba wake. Aliona pia kwamba si busara kuyatangaza hayo mbele ya kila mtu, maana wapo wanaozuiwa na hofu tu. Na alilalamika kwamba amesingiziwa kusema shetani ataokolewa. Kwa hiyo yule wa kwenye simu amekwenda mbali kuliko Origene.

Wa pili ni Agostino, mzaliwa wa Tagaste, ambayo leo iko Algeria, mwaka 354, akawa askofu wa Hipo, mji wa pwani wa nchi hiyo hiyo. Katika kitabu chake kikubwa juu ya Mji wa Mungu anajibizana na Wakristo wenzake waliotumaini kwamba adhabu itakwisha. Hawaiti wazushi, anawaita watu wenye huruma, kwa kuwatania kidogo. Hoja yake ni nzito, na mtu asiidharau. Wenye huruma walisema neno la Kigiriki tunalolitafsiri "milele" latokana na neno la zama, kwa hiyo adhabu ile ni ya zama zijazo, ina mwisho. Agostino, ambaye shuleni alikichukia Kigiriki kama wengine wenu hesabu, anauliza: katika mstari ule wa Mathayo 25:46, si neno ni moja kwa adhabu na kwa uzima? Ukilifupisha huku, utalirefushaje kule? Kanisa la Magharibi lilimfuata, Wakatoliki na baadaye Waprotestanti. Wachungaji waliotulea sisi walikuwa wajukuu zake bila kujua.

Mwaka 553, kama miaka 300 baada ya Origene kufa, mtaguso wa Konstantinopoli ulimwandika katika orodha ya wazushi. Marehemu hakuwa na nafasi ya kujitetea. Lakini Gregori wa Nisa, aliyefundisha jambo linalokaribiana sana na la Origene, yuko kwenye orodha ya watakatifu hata leo. Niliposoma hilo nilicheka peke yangu nyumbani, mpaka mke wangu akaja kuuliza kuna nini. Nilikuwa nafikiria kamati yetu.

Na tusimwache Agostino bila kumtaja mama yake. Monika alilia miaka mingi kwa ajili ya mwana aliyeacha imani, aliyeishi na mwanamke bila ndoa, aliyefuata mafundisho ya Mani. Agostino mwenyewe ndiye anayesimulia kwamba mama alimwendea askofu mmoja akimsumbua azungumze na kijana, na askofu, akiwa amechoka naye, akamwambia aende zake, haiwezekani mwana wa machozi kama hayo apotee. Yule aliyetetea adhabu ya milele kuliko wote alikuwa mtoto wa machozi. Mtaniambia yeye alirudi akiwa hai, na ni kweli. Wetu hakurudi, au alirudi saa ambayo hatukuwapo. Njiani pale alfajiri ile hakukuwa na mzee wa kanisa wa kuandika kumbukumbu za kikao.

Niseme kidogo juu ya maneno tunayoyaimba. Jehanamu lilianza kama jina la mahali: bonde la Hinomu, nje kidogo ya ukuta wa Yerusalemu, ambako wafalme waovu walichoma watoto wao kwa sadaka, naye Yeremia akalilaani. Jina la Kiebrania likapita kwa Waarabu likatufikia sisi. Neno kuzimu ni letu wenyewe. Kabla ya Biblia ya Kiswahili lilikuwa ni kwao wazimu, roho za wazee waliokufa, bila kuulizwa nani mwema nani mbaya. Watafsiri wakalichukua kwa neno la Agano la Kale la makao ya wafu, na walifanya vizuri. Taabu ni kwamba masikioni mwetu maneno haya mawili yameungana yakawa moto mmoja. Kwa hiyo mtu akisikia kwamba babu yake yuko kuzimu, anamwona anachomwa.

Hapo panauma, maana ndipo wazazi wetu walipogonga kichwa. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na Injili ilichukua miaka mingi kupanda kutoka pwani mpaka huku bara. Vizazi vyote vya nyuma hawakuisikia. Baba yangu alipokuwa katika darasa la ubatizo aliuliza juu ya baba yake, mzee aliyekuwa mwaminifu kwa jirani na mkali kwa uongo, aliyekufa bila kusikia jina la Yesu hata mara moja. Akajibiwa kwamba hao wote wamepotea. Baba alibatizwa, akampenda Bwana mpaka kufa, lakini kila tulipomtaja babu alikuwa anainuka kwenda kuangalia ng'ombe.

Swali hilo hilo lilimpata mzungu mmoja huko Natal, Afrika Kusini. John William Colenso alikuwa askofu wa Kianglikana aliyekaa na Wazulu, akajifunza lugha yao, nao wakamwita Sobantu, baba wa watu. Mwaka 1861 alitoa kitabu cha kueleza Waraka kwa Warumi, na humo akakataa kufundisha kwamba mababu wa Wazulu wanateswa bila mwisho kwa kutopokea habari ambayo hakuna aliyewaletea. Mwaka 1863 alishtakiwa mbele ya Askofu Gray wa Cape Town kwa uzushi, kwa kitabu hicho na kwa vingine, akavuliwa uaskofu. Mwaka 1865 baraza la rufani huko London likasema Gray hakuwa na mamlaka hayo. Simtetei Colenso kwa kila alichoandika. Lakini alisikia swali la Mwafrika akaliona ni swali, na wengi wa wakati wake waliliona ni ukaidi.

Halafu kuna wetu wa hapa nyumbani, Profesa John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, kasisi wa Kianglikana, aliyetuacha mwaka 2019. Katika kitabu chake cha 1971 alichunguza jinsi Wakamba walivyofundishwa mambo ya mwisho: moto, mji, hazina, karamu, machozi. Aliona kwamba watu walizishika picha kama zilivyo, wakatazamia mji na moto, na Kristo ambaye picha zote zinamwelekea akabaki pembeni. Yeye mwenyewe aliegemea upande wa tumaini pana. Mtu aliyezikwa na kidole, kama yule wetu, amezikwa na picha.

Sasa nigeukie kijana wangu wa besi, asije akafikiri nimemaliza na nimempa ushindi.

Januari 1, 2008, watu waliokimbilia kanisani Kiambaa, karibu na Eldoret, walichomwa humo ndani, wengi wao akina mama na watoto. Nenda kwa mzazi aliyepoteza mtoto pale, mwambie kwamba siku ya mwisho wote wataingia kwa mlango mmoja na hakuna atakayeulizwa kitu. Hujampelekea habari njema. Umemwambia kwamba moto ule haukuwa na maana mbele za Mungu. Katika Ufunuo 6 roho za waliouawa zinalia chini ya madhabahu zikiuliza ni lini, na hakuna anayezikemea. Wokovu wa watu wote unaoruka juu ya kilio hicho ni wa bei rahisi, na huyo wa kwenye simu anauuza kwa bei hiyo. Origene hakusema hakuna moto. Alisema kila mmoja atapita ndani yake, na ya Paulo katika 1 Wakorintho 3 yako karibu na hapo, kazi ya mtu kuteketea na mwenyewe kuokoka kama aliyetoka motoni. Hilo nalo ni jambo la kutetemesha. Fikiria muuaji amesimamishwa mbele ya yule mtoto, anaona kwa macho ya Mungu alichofanya. Sijui kama milele yote ingetosha.

Tena angalieni wanaohukumiwa katika mifano ya Yesu. Tajiri wa Luka 16 hakuandikwa kuwa mlevi wala mwizi. Alikuwa na maskini mlangoni akawa anampita. Hata akiwa katika mateso bado anataka Lazaro atumwe kama kijakazi, amletee maji. Mbuzi wa Mathayo 25 walishangaa. Hawakujua ni lini walimwona Bwana akiwa na njaa au gerezani. Ndugu zangu, nikiisoma sura hiyo na kuikumbuka ile njia ya mtoni, ninayemwona hatarini ni mimi niliyevuka barabara. Yule wa sauti ya tatu alikuwa upande wa Lazaro.

Basi tarumbeta. Neno jubilei latokana na neno la Kiebrania la pembe ya kondoo dume. Walawi 25: mwaka wa 50, siku ya upatanisho, pembe inapigwa nchi nzima, na kila mtu anarudi katika shamba lake na kwa jamaa yake. Aliyejiuza kwa deni anarudi. Aliyepoteza shamba kwa uzembe wake anarudi pia. Sheria haiulizi alilipotezaje. Hapo kwaya zote husema haleluya na kufunga kitabu. Lakini endelea mpaka mstari wa 44 na miwili inayofuata. Watumwa wa mataifa ya kigeni hawakuguswa na tarumbeta. Hao waliweza kuwekwa na kurithishwa watoto. Jubilei ya Musa ilikuwa na ukuta.

Katika Luka 4, Yesu yuko sinagogi la Nazareti, nyumbani kwao, anapewa kitabu cha Isaya, anasoma mahali panaponuka jubilei: maskini, wafungwa, mwaka wa kibali cha Bwana. Katika Isaya 61 sentensi inaendelea hadi siku ya kisasi. Yeye anafunga kitabu kabla ya kufika hapo, anakaa. Sisemi kwamba alikifuta kisasi. Tumeshasoma Mathayo 25. Lakini alijua mahali pa kukomea siku hiyo. Na watu walifurahi naye, mpaka alipowatajia mjane wa Sarepta na Naamani Mshami, watu wa nje ya ukuta waliohudumiwa wakati wenyeji wengi hawakuhudumiwa. Hapo wakamtoa nje ya mji, wakampeleka ukingo wa mlima wamtupe. Kilichowakasirisha ni kuongezewa majina.

Msimamo wangu ni huu, na Mchungaji atanisahihisha. Siwezi kuwaambia kwamba wote wataokoka, kwa sababu Bwana alionya, na onyo lisilo na hatari ni mzaha. Siwezi kuwaambia kwamba fulani amepotea, kwa sababu hakuna mahali popote katika Maandiko kanisa limepewa kazi hiyo kaburini. Naomba kwa ajili ya wote. Ninatumaini kwa ajili ya wote, na tumaini hilo sikulitoa kwenye simu. Nimelitoa kwa mchungaji anayetafuta mpaka apate, na kwa kile tunachokiri kila Jumapili, kwamba Kristo aliposulubiwa alishuka mpaka kwa wafu. Petro anasema katika waraka wake wa kwanza kwamba aliwahubiria roho walioko kifungoni. Aliwahubiria nini, na walimjibuje, hatukuambiwa. Ila alikwenda.

Kuna mtu alimuuliza Yesu kama wanaookolewa ni wachache. Iko Luka 13. Alitaka hesabu, kama sisi Alhamisi. Yesu hakumpa hesabu. Alimwambia ajitahidi yeye kuingia.

Na sisi ni watu wa kuimba. Kwaya hii kwa miaka 50 imesimama kwenye makaburi mengi kuliko harusi, na watu husahau mahubiri wakakumbuka wimbo. Kama tukiulizwa tena tuende wapi na sare na wapi bila sare, mimi nimeshajibu: sare ni ya Mungu tunayemwimbia, haipimwi kwa cheti cha marehemu. Ukiimba juu ya hukumu, imba ukiwa unajihesabu wa kwanza. Ukiimba juu ya rehema usimtoe mtu.

Yule mama bado yuko nasi. Hakuhama kanisa, anakaa safu ya tatu upande wa dirisha, na tukiimba sauti ya tatu huwa anainamisha kichwa. Jumatatu nilikwenda kwake. Nilimwambia kwamba jibu nililompa kaburini lilikuwa la kutoroka, na nikamwomba msamaha. Akanitilia chai. Akaniuliza tena lile swali. Nikamwambia, "Mama, sijui. Lakini yule aliyemfia ndiye atakayemhukumu, na mimi namwomba kila siku." Alikaa kimya kitambo, kisha akaniuliza kama ni kweli kuna orodha.

Orodha haijaenda kwa mchapishaji. Wametupa mpaka kesho saa sita. Mapendekezo yangu ni kwamba kichwa chake kisiwe "Walio Mbinguni" wala neno lolote la hukumu. Kiwe "Walioimba Pamoja Nasi", na kila aliyewahi kuvaa sare hii na amelala awe humo, kwa mwaka aliojiunga, bila alama yoyote pembeni. Mwenyekiti amekubali tupige kura kwa kuinua mikono baada ya chai. Aliye na neno la kupinga atapewa nafasi, na tutamsikiliza.